Wenye vibanda kando ya mito, tuambieni maji hufika wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na akina mama na vijana wa Moshi na Arusha ambao hivi sasa wanachangishana ili wakalale siku mbili tatu kwenye vibanda vya mbao kando ya mito na chemchemi zetu. Nizungumze pia na wenye vibanda hivyo. Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, hapa Moshi, na ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 18. Novemba iliyopita yalitupata makubwa. Kuna niliyoyaona usiku ule pamoja na wenzangu wote, na kuna kitu kimoja nilichokiona mchana wake peke yangu, nikanyamaza. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi mpaka leo.

Wazo la safari lilitoka kwa mwenzetu muuza mitumba wa soko la Memorial. Alisema kila siku anaona magari ya wageni yakielekea Boma Ng'ombe kwenda kuogelea kwenye chemchemi, watu wametoka Ulaya na Marekani, na sisi tuliozaliwa hapa tunazisikia kwa jirani. Ilituingia. Tukaanza kuchanga elfu mbili kila Jumamosi tangu Februari. Kufikia Novemba sanduku lilikuwa na shilingi 1,340,000, hela ya vitumbua, ya maziwa, ya kushona sare za shule. Tulikwenda watu 16, watoto watano, na bibi wawili ambao ni mama wazazi wa wanakikundi.

Mipango yote niliibeba mimi, na sikuibeba kizembe. Nilikodi Kosta. Nilihesabu ndizi za machalari, nikanunua nyama siku ya kuondoka, nikabeba mitungi miwili midogo ya gesi maana hatukutaka kukata kuni za watu. Vyandarua nilibeba vyetu. Maji ya kunywa tulipakia madumu sita ya lita 20 kutoka bombani mjini, na hapo wenzangu walinishangaa: unakwenda kwenye chemchemi unabeba maji? Nikawaeleza kwamba maji ya uwandani kwetu, hasa upande wa Meru na tambarare za chini, yana floraidi nyingi, na ndiyo inayowafanya wenzetu wengi wa upande huo kuwa na meno ya kahawia tangu utoto. Kuchemsha hakuiondoi. Ukichemsha maji yanapungua, floraidi inabaki palepale na kukolea. Serikali ina kituo Ngurdoto ambako maji ya namna hiyo huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi ya namna hiyo huwezi kuifanya na sufuria. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yasiwafae watoto wako kwa kunywa mwaka hadi mwaka. Niliwakataza pia watoto wasicheze kwenye mifereji ya maji yaliyolala, yenye konokono, kwa sababu ya kichocho.

Kwa hiyo niliwaza maji ya kunywa, nikawaza maji ya kuoga. Maji ya mto wenyewe, yanapolala na yanapoamka, sikuyawaza. Na mimi ndiye niliyepaswa kuyawaza kuliko wote.

Marehemu baba yangu alikuwa msoma kipimo. Tulikaa Machame, na kazi yake ilikuwa kushuka mtoni asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, kusoma bati jeupe lenye tarakimu nyeusi lililosimikwa majini, kisha kuandika kwenye daftari maji yamefika sentimita ngapi. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa namshikia daftari hilo. Nilimsikia mara nyingi akiwaambia wanaokuja kulima vinyungu mtoni: ukifika mtoni usitazame maji, tazama matawi. Mto ukifurika huacha takataka zake juu ya miti, na hapo ndipo unapojua unakofika.

Tulipofika kule, kati ya kibanda cha chini na mto palikuwa na mkuyu mkubwa. Kwenye tawi lake, usawa wa bega langu, kulikuwa kumenasa fungu la nyasi kavu lililosokotana na vijiti, kipande cha kiroba, na kandambili moja ya mtoto, nyekundu, iliyopauka kwa jua. Nilisimama nikaitazama ile kandambili. Nilijua maana yake kama ninavyojua jina langu. Lakini dereva alikuwa anashusha sufuria, watoto wameshavua viatu, wenzangu wanapiga vigelegele, na mbele yetu maji ya chemchemi yanatiririka kuingia mtoni, meupe, unahesabu kokoto chini. Nikajisemea kwamba hiyo ni ya miaka ya nyuma. Nikaenda kumenya ndizi.

Vibanda vilikuwa vinne. Vitatu vya juu vilikuwa na ngazi saba za mbao, cha chini hakikuwa na ngazi hata moja. Mmoja wa bibi zetu ana mguu wenye kidonda cha kisukari. Basi kwa kumhurumia, mimi mwenyewe nikagawa: bibi wawili na binti mmoja wa kuwaangalia wakae kile cha chini, wasihangaike na ngazi. Nikawapa na godoro nene. Tulikula, tukaimba, bibi mwenyewe akatusimulia jinsi walivyokuwa wakifua kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, enzi za usichana wake, kila ukoo na zamu yake ya maji. Mpaka saa nne usiku hakukuwa na wingu.

Saa nane nikaamshwa na mlio. Ulikuwa kama tipa linalomwaga kokoto, ila halimalizi kumwaga. Ni mawe yanayobingirika chini ya maji, huo mlio niliusikia utotoni. Nikatoka barazani. Nyota zimejaa, hakuna tone la mvua. Nikamulika tochi ya simu upande wa mto: maji yamekuwa kama uji wa ulezi, yanatoa harufu ya udongo mbichi, na gogo likapita mbele yangu kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbiza. Pale nilipoosha vyombo jioni palikuwa katikati ya mto.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mlinzi, kijana wa kijiji kile, alikuja mbio. Tulipofika kibanda cha chini maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango, na tulipoufungua yakatufika magotini. Tulimkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki tukambeba watu wanne. Mwenzake alitoka akiwa amemshika yule binti kiunoni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapoinamia cherehani. Mto ulichukua mtungi mmoja wa gesi, viatu vya watu kama kumi, na mkoba wa bibi wenye kadi ya kliniki na dawa zake za sukari. Kulipopambazuka kazi ya kwanza ilikuwa kumpeleka Boma Ng'ombe kutafuta dawa, amejifunga kanga mbili, hana viatu, anatetemeka.

Tukiwa tunasubiri gari nilimuuliza yule mlinzi kama maji yamewahi kufika pale. Akanionyesha msumari ukutani, juu kidogo ya kitasa cha mlango wa kibanda kile kile. "Mama, mwaka juzi yalifika hapa. Huwa yanakuja." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyemuuliza, na yeye kazi yake ni kulinda, wageni wanapokelewa na wengine. Sikumkasirikia. Alikuwa anajibu kweli, na usiku ule mgongo wake ndio uliobeba zaidi.

Mwenye mahali alifika saa tatu. Sitamtaja jina wala sitataja mahali, maana sitaki barua hii iwe ya kumchongea mtu mmoja wakati wenye vibanda vya namna hiyo ni wengi. Alitupa pole, akasema hayo ni mambo ya Mungu. Mhariri, mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini kibanda kile kilipigiliwa misumari na fundi, na kuna mtu aliyemwelekeza akipigilie pale. Hela yetu ya usiku wa pili hatukurudishiwa, na wala sikuandika barua hii kwa ajili ya hela.

Kabla ya kuondoka nilitoa futi yangu ya kushonea kwenye pochi. Ina sentimita 150. Nikailaza chini kutoka kizingiti cha mlango mpaka ukingo wa kawaida wa mto, binti akinishikia ncha. Ililala mara tisa, ikabaki kipande kisichofika nusu. Yaani mita 13 na ushee. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri kingo za mto, ndani ya mita 60. Watu wengi wanaijua hiyo mita 60 kwa sababu ya wakulima wa mbogamboga, wao ndio wanaong'olewa mchicha. Nimeshona sare za wakulima hao, nawajua. Kwa futi yangu, mita 60 ni mara 40. Mara 40 na mara tisa si tofauti ya kupitiwa.

Halafu, wakati wenzangu wanafunga mizigo, nilipanda hatua chache mpaka kwenye jicho la chemchemi lenyewe. Nilitaka kuona limefanywaje na usiku ule. Lilikuwa vilevile. Buluu, tulivu, samaki wadogo wanakuja kudonoa vidole vya miguu kama jana yake. Hatua 20 chini yake mto ulikuwa bado unanguruma na matope. Nilikaa pale nikalia, na nadhani ndipo nilipoelewa kilichotudanganya.

Maji ya chemchemi zetu za uwandani ni mvua na ukungu wa msitu wa Kilimanjaro. Wengi tunadhani ni barafu ya kileleni inayoyeyuka, kumbe sehemu kubwa mno ni ya msituni. Yanazama kwenye miamba ya volkano, yanasafiri chini kwa chini muda mrefu, ndipo yanatokeza huku tambarare yakiwa yamechujwa na yametulia. Mvua ya jana usiku haiyafikii leo. Ndiyo maana chemchemi haitibuki. Mto ni kitu kingine. Mto unabeba mvua ya jioni hii hii, na si lazima iwe mvua yako. Chukua Kikuletwa kwa mfano: unapokea Themi, Nduruma, Tengeru, Maji ya Chai na Usa kutoka Meru, na chini zaidi unapokea mito ya Kilimanjaro kama Weruweru, kabla ya kumwaga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mvua kubwa ikipiga mteremko wa Meru jioni, wewe uliyelala tambarare ya Hai unahesabu nyota, na maji yako njiani. Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa korongo linavyoweza kujaa. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa huko jijini na watoto wakafariki.

Sasa vibanda vinajengwa wapi? Vinajengwa pale chemchemi inapokutana na mto, kwa sababu ndipo panapopendeza. Mgeni anatazama maji meupe yaliyotulia, moyo unatulia, anadhani mahali pote pana tabia ya yale maji. Anayejua kwamba mto wa pembeni una tabia nyingine ni mlinzi, na mlinzi haulizwi.

Basi naomba mambo haya kwa wenye vibanda, na naomba kwa heshima. Simikeni nguzo mahali wageni wanaposhukia, mpake rangi nyekundu pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, na muandike mwaka. Gharama yake ni nguzo moja na rangi kikopo kimoja. Mnaogopa kwamba wageni watakimbia? Mimi nisingekimbia. Ningewaweka bibi zangu juu, tungepanda zile ngazi saba tukiwashika mikono, na tungelala. Vibanda vilivyo ndani ya mita 60 vihamisheni, hata kama ni kwa awamu. Mahali pa chini pabaki pa kukaa mchana, kunywa chai, kupiga picha. Na mlinzi wa usiku awe na namba ya mtu anayekaa juu ya mto, wapigiane masika na vuli. Watu wa zamani walipigiana mbiu kutoka kilima hadi kilima. Leo kila mtu ana simu mfukoni.

Kwa halmashauri naomba afisa aende na futi kabla ya leseni kutoka, kama wanavyokwenda kwa mkulima wa mchicha. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo tunayo hapa hapa Moshi, inajua mito hii inafika wapi, maana kuna watu kama baba yangu walioiandikia daftari baada ya daftari. Naomba elimu ile ishuke mpaka kwa wanaopanga safari. Baba alikuwa akisema anaandika lakini hajui nani anasoma.

Na kwa wewe mwenzangu mwenye sanduku la kikundi: kabla ya kutanguliza hata shilingi, mtume mtu mmoja akaone kwa macho. Asiongee na mwenye mahali tu, amtafute mlinzi, au mama anayechunga mbuzi karibu, amuulize maji ya mwaka wa mvua nyingi yalifika wapi. Atazame matawi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usisikilize wa pale unapokwenda kulala peke yake, sikiliza na wa milima mto unakotoka. Kama inawezekana msiende masika, Machi hadi Mei, wala kwenye vuli kama tulivyofanya sisi kwa sababu tu Desemba kila mtu ana wageni wa Krismasi nyumbani. Dawa za wagonjwa zikae kwa mtu mmoja, kwenye kibanda cha juu kabisa, na nyingine kidogo zibaki kwa dereva. Na ukiona kitu kinachokutia wasiwasi, kiseme, hata kama muziki umeshawashwa na watoto wamefurahi. Nawaomba sana katika hilo.

Kikundi chetu hakijavunjika. Nilipowaeleza wenzangu habari ya ile kandambili, kwenye mkutano, mbele ya wote, nilidhani watanivua uhazini. Walikaa kimya kidogo, kisha yule bibi, ambaye alikuwa amealikwa siku hiyo, akasema, "Mwanangu, umesema sasa. Julai tunakwenda wapi?" Wamenipa tena kazi ya kupanga.

Jumamosi mbili zilizopita nilipanda bodaboda kwenda kuona mahali pengine, juu kidogo, karibu na chemchemi ndogo inayotoka chini ya mizizi ya mkuyu. Nilikagua matawi yote ya kando ya mto mmoja mmoja. Nilimkuta mlinzi, mzee wa makamo, nikamwamkia, nikamuuliza. Alinipeleka mwenyewe kwenye jiwe analoliita alama yake, akanionyesha maji ya mwaka wa mvua nyingi yaliishia wapi. Kisha tukalaza futi kutoka ukingoni mpaka mlango wa kibanda kilicho karibu zaidi, yeye akishika ncha na mimi nikihesabu kwa sauti. Ililala mara 43. Kina ngazi tano, na bibi ameshasema atazipanda.

Wako,
Fundi cherehani,
Majengo, Moshi.